Nani Huzipanga Chembe? Mtiririko, Damu na Mifereji Myembamba Kuliko Unywele

 

Lengo la mhadhara huu ni kueleza jinsi chembe zinazoelea katika kimiminika zinavyojipanga zenyewe zinapopita ndani ya mfereji mwembamba, sababu ya kujipanga huko, na namna jambo hilo linavyohusu damu na vipimo vyake. Dai kuu ni kwamba mpangilio huo unazaliwa na mwendo wenyewe. Mambo matatu yanauamua: kasi ya kimiminika, umbo la mfereji, na chembe ilivyo, yaani ukubwa wake na ulaini wake. Anayeyaelewa hayo matatu anaweza kutenganisha seli na seli akiwa na mfereji na pampu tu. Hoja ni tano. Ya tatu ndiyo mzizi, kwa hiyo itachukua muda kuliko nyingine.

1. Jambo lilionekana kabla halijaelezwa

Katika miaka ya 1830 daktari Mfaransa, Jean Léonard Marie Poiseuille, alichunguza mishipa midogo ya chura kwa hadubini. Aliona seli za damu zikipita katikati, na pembeni, karibu na ukuta wa mshipa, pakibaki utando mwembamba wa majimaji maangavu usio na seli. Wanafunzi wa fizikia wanamjua Poiseuille kwa kanuni yake ya mtiririko ndani ya bomba. Utando ule haukupata umaarufu huo, ingawa ndio uliobeba fumbo la leo.

Fumbo lilirudi mwaka 1961, safari hii bila damu. G. Segré na A. Silberberg wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walichukua vigololi vya plastiki, vidogo kama punje, wakavipitisha katika bomba lenye upana wa sentimita moja hivi. Kimiminika kilitengenezwa kiwe na densiti sawa na ya vigololi, ili visizame wala visipande juu. Viliingia vikiwa vimetawanyika ovyo bomba zima. Baada ya kusafiri umbali mrefu vilikuwa vimehama. Vya katikati vilikuwa vimesogea nje, vya ukutani vimesogea ndani, na vyote vimekusanyika katika pete moja iliyo umbali wa kama 0.6 ya nusu kipenyo kutoka kitovu cha bomba.

Hapo msikilizaji anaombwa atulie kidogo. Kama ukuta ndio uliovisukuma vigololi, vingeishia katikati kabisa. Kama katikati ndiko kulikovikataa, vingeishia ukutani. Kusimama kwake njiani, mahali pale pale kila jaribio linaporudiwa, kunaonyesha kwamba kani mbili zinapingana na zinakutana hapo.

2. Mwendo ukiwa wa polepole mno, kigololi kigumu hakihami

Kuna jaribio moja ambalo G. I. Taylor wa Cambridge alilirekodi kwenye filamu ya kufundishia katika miaka ya 1960, na anayeliona mara ya kwanza huwa haamini macho yake. Silinda mbili zinawekwa moja ndani ya nyingine, na nafasi iliyo kati yake inajazwa gliserini nzito. Tone la rangi linadungwa ndani ya gliserini. Silinda ya ndani ikizungushwa taratibu, tone linavutika, linakuwa utepe, kisha linapotea kama vile limechanganyika kabisa. Silinda ikirudishwa nyuma kwa mizunguko ile ile, utepe unakusanyika na tone linarudi palepale lilipokuwa, likiwa na ukungu kidogo tu pembezoni.

Maana yake ni kwamba mnato ukitawala, mwendo hauna kumbukumbu ya mbele na nyuma. Mwaka 1962 F. P. Bretherton alionyesha kwa hesabu matokeo ya jambo hilo kwa chembe: katika mtiririko wa namna hiyo ndani ya bomba, kigololi kigumu cha duara hakiwezi kuhama kwenda pembeni. Hoja yake inaweza kufuatwa bila kalamu. Tuseme kigololi kinasogea kuelekea katikati maji yakienda kulia. Mtiririko ukigeuzwa, kila kitu lazima kirudi kilikotoka, kwa hiyo kigololi kitasogea kuelekea ukutani maji yakienda kushoto. Lakini maji yanayokwenda kushoto ni yale yale yanayokwenda kulia, yakitazamwa na mtu aliyesimama upande wa pili wa bomba. Haiwezekani mtazamaji mmoja aone kigololi kikienda katikati na mwingine aone kikienda ukutani. Jibu pekee lililobaki ni kwamba hakisogei.

Kwa hiyo vigololi vya Segré na Silberberg vilikuwa na kitu cha ziada. Kitu hicho ni inesha, ule ukaidi wa kitu kutotaka kubadili mwendo wake.

3. Inesha ipo hata katika mfereji mwembamba kuliko unywele

Nguvu ya inesha ikilinganishwa na ya mnato hupimwa kwa namba ya Reynolds, iliyopewa jina la Osborne Reynolds, aliyechunguza mtiririko wa maji katika mabomba huko Manchester mwaka 1883. Inapatikana kwa kuzidisha densiti, kasi na upana wa mfereji, kisha kugawanya kwa mnato. Katika bomba la kawaida namba ikikaribia 2,000, maji huanza kuvurugika. Ikiwa ndogo sana kuliko 1, yanatawala yale ya gliserini ya Taylor.

Kwa muda mrefu wabunifu wa mifereji midogo waliizoea dhana kwamba humo ndani namba hiyo ni kama sifuri, hivyo inesha inaweza kusahauliwa. Ni vizuri kuifanya hesabu yenyewe hapa. Chukua mfereji wa mraba, kila upande maikromita 50, upana ulio chini kidogo ya unywele wa kawaida. Yapitishe maji kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Namba ya Reynolds inatoka 50. Haijafika popote karibu na mvurugiko, lakini iko mbali sana na sifuri. Kilichokosekana ni ujasiri wa kuyasukuma maji kwa kasi.

Mwaka 2007 Dino Di Carlo, Daniel Irimia, Ronald Tompkins na Mehmet Toner, wakiwa katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, walichapisha matokeo ya kufanya hivyo. Walitumia mifereji iliyochapwa katika mpira wa silikoni, wakapitisha vigololi vinavyong'aa kwenye mwanga wa hadubini. Kwenye mlango wa mfereji wa namna hiyo mtazamaji huona ukungu wa mwanga uliojaa upana wote. Kadiri anavyoisogeza hadubini kufuata mkondo, ukungu hukatika katikati na kuwa michirizi, na mwishoni hubaki mistari myembamba, myeupe, iliyonyooka, na giza kati yake. Kamera ya kasi ikikamata picha moja moja, mstari unaonekana ni msafara wa vigololi vilivyoachana kwa umbali unaokaribia kulingana.

Kani mbili zinazofanya kazi hiyo zinaelezeka. Maji ndani ya mfereji huenda kasi zaidi katikati na husimama kabisa yanapogusa ukuta, na kati ya hapo kasi hubadilika kwa mkunjo, si kwa mstari. Chembe yenye ukubwa unaostahili inakaa juu ya mkunjo huo. Ukijiweka mahali pa chembe, utaona kimiminika kikikupita kwa kasi kubwa zaidi upande wa ukutani kuliko upande wa katikati. Tofauti hiyo huzaa kani inayoivuta chembe kuelekea ukutani. Hiyo ndiyo kani ya kwanza, nayo inatokana na mkunjo wenyewe. Chembe ikishaukaribia ukuta, mtiririko unaoizunguka unabanwa upande mmoja, na kani ya pili inaisukuma irudi. Zinapolingana, chembe inatulia.

Umbo la mfereji ndilo linaloamua sehemu za kutulia ni ngapi. Bomba la duara halina pembe, kwa hiyo chembe hupata pete nzima. Mfereji wa mraba una nyuso nne, na chembe hutulia mahali panne, kila moja mbele ya katikati ya uso wake. Mraba ukirefushwa ukawa mstatili, katika kasi za kawaida hubaki mahali pawili, mkabala na nyuso ndefu. Hapa mchoro wa fundi unafanya kazi ya amri: akibadilisha uwiano wa urefu na upana, anabadilisha idadi ya mistari bila kuongeza kifaa chochote.

Ukubwa wa chembe nao una neno kubwa. Kwa mfereji uliotajwa, chembe ya maikromita 10, ukubwa wa seli nyeupe ya kawaida, hujipanga baada ya safari ya milimita chache. Umbali unaohitajika hupungua kwa mraba wa ukubwa wa chembe, kwa hiyo chembe ya maikromita 2 inahitaji umbali mara 25 zaidi, na huo ni sentimita kadhaa. Kanuni inayotumika maabara ni kwamba chembe iliyo ndogo kuliko asilimia 7 hivi ya upana wa mfereji haijipangi vizuri. Bakteria wengi, wakiwa na maikromita 1 tu, watapita humo wakiwa wametawanyika vile vile walivyoingia. Kasoro hiyo ina faida yake: kile kisichojipanga kinaweza kutenganishwa na kilichojipanga.

Swali la misafara, yaani kwa nini chembe haziishii kwenye mstari tu bali zinaachana kwa nafasi, lilishughulikiwa zaidi mwaka 2010 na kundi la Di Carlo pamoja na Howard Stone. Chembe inayozunguka ndani ya mfereji mwembamba hurudisha nyuma sehemu ya kimiminika kilicho mbele na nyuma yake. Jirani anayekaribia mno hukutana na mkondo huo wa kurudi na kusukumwa mbali.

Manufaa yake yanaonekana pale mtu anapotaka kufungia seli moja moja ndani ya matone. Seli zikija ovyo, kwa wastani wa seli moja kwa tone, ni asilimia 37 tu ya matone yatakayokuwa na seli moja kamili. Asilimia nyingine 37 yatakuwa matupu, na asilimia 26 yatabeba mbili au zaidi. Seli zikija kwa msafara wenye nafasi sawa, matone yanaweza kukatwa kwa mapigo yale yale ya msafara, na hasara hiyo ikapungua sana.

Wataalamu wa maabara waliomo ukumbini wanaijua adha hii kwa jina jingine. Mashine nyingi za kipimo cha damu kamili zinatumia kanuni ya Wallace Coulter, aliyepata hataza nchini Marekani mwaka 1953: seli inapita kwenye tundu dogo, ukinzani wa umeme unabadilika, mashine inahesabu moja. Seli mbili zikipita pamoja, mashine inaziona kama moja kubwa. Ndiyo maana sampuli huzimuliwa sana, na ndiyo maana hesabu hurekebishwa.

4. Kona huongeza nguvu nyingine

Kikombe cha chai ya majani kinatosha kuanzia. Majani yaliyozama yakikorogwa, mtu hutarajia yatupwe pembeni, lakini hujikusanya katikati ya kitako. Albert Einstein aliandika maelezo yake mwaka 1926. Chai inayogusa kitako huzunguka polepole kwa sababu ya msuguano, inashindwa kukaa pembeni, basi hutiririka chini kuelekea katikati na kuyabeba majani. Katika andiko hilo hilo aliitumia hoja hiyo kueleza kwa nini mito hujipinda, jambo linaloonekana wazi kwa anayeitazama Rufiji kutoka angani inapokaribia delta yake.

W. R. Dean aliifanyia hesabu hali hiyo ndani ya mabomba yaliyopinda, mwaka 1927 na 1928. Maji ya katikati, yenye kasi, hutupwa upande wa nje wa kona, na maji ya juu na chini hurudi ndani. Matokeo yake ni mizunguko miwili iliyolaliana, mmoja juu na mwingine chini, inayosafiri pamoja na mkondo.

Mfereji mdogo ukisokotwa kama ond, yaani ukijizungusha kama ganda la konokono, chembe inapata kani za hoja ya tatu pamoja na mburuto wa mizunguko ya Dean. Chembe kubwa hushikiliwa karibu na ukuta wa ndani. Ndogo huzungushwa na kwenda mbali zaidi. Mfereji ukigawanywa mwishoni kuwa milango miwili, kubwa zinatokea huku na ndogo kule. Watafiti wa Singapore walitumia ond za namna hii kutafuta seli za saratani zinazozurura katika damu ya wagonjwa, kwa sababu nyingi kati ya hizo ni kubwa kuliko seli za damu.

Ugumu wa kazi hiyo unahitaji kusemwa kwa tarakimu. Mililita moja ya damu ina seli nyekundu karibu bilioni 5. Seli za saratani, zinapokuwepo, huenda zikawa chache za kuhesabika kwa vidole. Kifaa cha kundi la Toner kilichochapishwa mwaka 2013 kinaonyesha jinsi mpangilio unavyosaidia. Kwanza msitu wa nguzo ndogo huziondoa seli nyekundu. Kisha mfereji wenye mapindo huzipanga seli zilizobaki katika mstari mmoja. Mwishoni sumaku inazivuta kando seli nyeupe, ambazo zimebandikwa shanga za sumaku. Kama seli zisingekuwa kwenye mstari, mvuto mdogo wa sumaku ungepotea katika fujo.

5. Damu hujipanga kwa ulaini wake

Mpaka hapa chembe zimekuwa ngumu na damu imezimuliwa. Mwilini hali ni nyingine. Katika kapilari yenye upana wa maikromita 8, damu ikienda kama milimita 1 kwa sekunde, namba ya Reynolds ni chini ya 0.01. Inesha haina nafasi hapo. Hata hivyo Poiseuille aliona utando usio na seli. Jibu ni kwamba hoja ya Bretherton inahusu kigololi kigumu. Seli nyekundu ni laini. Inapovutwa na mtiririko inabadilika umbo, umbo hilo si sawa upande wa ukutani na upande wa katikati, na hali hiyo inaisogeza mbali na ukuta.

Robin Fåhræus wa Sweden, mmoja wa walioanzisha kipimo cha kasi ya seli kuzama ambacho maabara zetu hukiita ESR, alionyesha mwaka 1929 kwamba damu iliyomo ndani ya bomba jembamba ina uwiano mdogo wa seli kuliko damu iliyo kwenye chombo inakotoka. Seli zinapita katikati, penye kasi, kwa hiyo hazikawii humo. Mwaka 1931, pamoja na Torsten Lindqvist, alionyesha jambo lililowashangaza wengi: mabomba yakiwa chini ya milimita 0.3, damu huonekana kuwa nyepesi zaidi kadiri bomba linavyozidi kuwa jembamba. Utando wa plazma, yale majimaji maangavu aliyoyaona Poiseuille ukutani, unailainishia njia. Moyo wa kila aliyeketi hapa unapumzishwa na mpangilio huo sasa hivi.

Seli nyekundu zikienda katikati, nyingine zinasukumwa pembeni. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, hujikuta karibu na ukuta, ambako ndiko jeraha hutokea. Kwa sababu hii mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kutokwa damu kwa muda mrefu ingawa chembe sahani zake si chache: hakuna seli nyekundu za kutosha za kuzisukuma kwenye ukuta. Daktari anayemwongezea seli nyekundu mgonjwa huyo anarekebisha pia mpangilio ndani ya mishipa.

Hapa ndipo malaria inapoingia. Kimelea cha Plasmodium falciparum kinapokomaa ndani ya seli nyekundu, kinaifanya iwe ngumu na yenye kunata. Seli ngumu inashindwa kushindana na wenzake kwenda katikati, inaachwa pembeni, na huko ukutani ndiko inakonata na kuziba mishipa midogo ya viungo, ubongo ukiwemo. Mwaka 2010 watafiti wa Singapore waligeuza balaa hilo kuwa kipimo: walipitisha damu katika mfereji mwembamba, seli zenye vimelea zikasogea pembeni, wakazikusanya kwa milango ya kando. Mtu anayesoma kioo cha damu katika zahanati, akihangaika kuona vimelea kama 50 hadi 100 katika maikrolita moja, anaelewa thamani ya kupewa sampuli ambayo seli zenye vimelea zimekusanywa tayari.

Seli mundu ni mfano wa pili, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Seli iliyokakamaa kwa kukosa oksijeni nayo ni ngumu, na hesabu na majaribio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kuwa seli hizo husukumwa ukutani, ambako zinaweza kuudhuru utando wa ndani wa mshipa.

Yaliyo mbele

Kazi kubwa iliyobaki ni damu nzito. Takriban kila kifaa cha inesha kilichotajwa kinafanya kazi vizuri damu ikiwa imezimuliwa, kwa sababu seli zikisongamana hugongana na kuharibiana mstari. Damu ya kawaida ina seli kwa asilimia 40 hadi 45 ya ujazo wake. Kuizimua mara kumi ni kuongeza muda mara kumi: mfereji wa maikromita 50 kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde hupitisha mililita 0.15 tu kwa dakika. Wahandisi wanajibu kwa kuweka mifereji mingi sambamba, na kila mfereji unaoongezwa ni mlango mwingine wa kuziba.

Upande wa utengenezaji una matumaini zaidi. Mpira wa silikoni humiminwa juu ya umbo, yaani kalibu, huokwa kwa moto mdogo, hubanduliwa na kubandikwa kwenye kioo. Umbo la kwanza ndilo lenye gharama, kwa kuwa linahitaji chumba safi na mwanga maalumu. Likishapatikana, linazaa nakala nyingi kwenye meza ya kawaida. Kwa mfereji wa inesha, bomba la sindano linalosukumwa kwa kasi isiyobadilika ndiyo mashine nzima. Chuo chenye hadubini nzuri na umbo moja kinaweza kuanza mwaka huu na vigololi, mwakani na damu iliyozimuliwa, kisha kuliendea swali ambalo Afrika Mashariki ina sababu ya kulishika kabla ya wengine: je, ugumu wa seli za mtoto mwenye seli mundu unaweza kusomwa kutokana na mahali zinapotulia ndani ya mfereji, siku kadhaa kabla maumivu hayajaanza?

Mwenyekiti ametenga muda wa maswali. Ingefaa wataalamu wa maabara waanze, kwa kuwa wao ndio wanaojua sampuli hufika mezani ikiwa imekaa saa ngapi, imeganda kiasi gani, na umeme hukatika lini. Majibu hayo yanahitajika kabla ya mchoro wa kwanza wa mfereji.